Muulize Mwalimu wa Sanaa: Wanawake wa Wangechi Mutu ni mashetani?

*Mwalimu, shikamoo. Mwaka 2024 nilikwenda kumwona binti yangu New Orleans, akanipeleka makumbusho ya sanaa kutazama kazi za Wangechi Mutu, Mkenya mwenzetu. Chumba hadi chumba ni yeye peke yake. Kulikuwa na picha za magazeti yaliyokatwakatwa, na masanamu ya wanawake wa udongo mwekundu kama ule tunaokandikia nyumba. Nikamwuliza binti, haya si mashetani? Akanicheka mbele za watu. Hebu niambie, nilikuwa natazama nini?*
Mama wa Likoni

Marahaba, Mama. Huyo binti asikucheke, maana swali lako lina kichwa na miguu.

Uliyoyaona ni maonyesho yaliyoitwa Intertwined. Yalianzia New Museum, New York, Machi 2023, yakajaza jengo zima kwa kazi zaidi ya 100, kisha yakahamia huko New Orleans Januari 2024. Mutu alizaliwa Nairobi mwaka 1972. Picha ndizo zilizomtangaza, lakini alichosomea Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, hadi kupata shahada ya uzamili mwaka 2000 ni uchongaji. Kwa hiyo wanaosema siku hizi "amehamia kwenye sanamu" wamechelewa.

Mimi nikiingia ukumbini huwa siulizi kazi inamaanisha nini. Nauliza imetengenezwa kwa vitu gani. Zile picha nyingi hazikuchorwa kwenye turubai wala karatasi, bali kwenye plastiki laini inayoitwa Mylar. Plastiki hainywi wino. Ukiumwagia, unatanda, unakusanyika kwenye vidimbwi, halafu unakaukia palepale ulipotuama na kuacha kingo nyeusi. Sogea karibu na shavu la mmojawapo wa wale wanawake: mabaka yale hakuyachora moja moja kwa brashi, wino wenyewe umejikaukia hivyo. Juu yake ndipo anapobandika vipande: mdomo wa mwanamitindo, mguu wa mnyama, chuma cha pikipiki. Katika kazi zake nyingine alichukua kurasa za zamani za udaktari zenye michoro ya maradhi ya kizazi cha mwanamke, akabandika nyuso juu yake. Macho na midomo imekaa juu ya uvimbe. Hapo nakubaliana nawe, inatisha. Lakini aliyeanza kumkata mwanamke vipande vipande ni yale magazeti na vile vitabu. Mutu ameokota vipande akaunga mtu mwingine, na huyo mtu anakukodolea macho.

Sasa mashetani. Wamakonde wanachonga mashetani tangu miaka ya 1950, watalii wananunua, nasi tunaweka sebuleni bila wasiwasi. George Lilanga wa Masasi aliwachonga na kuwachora kwa rangi za kuwaka, wakicheka na masikio yao makubwa, na dunia nzima ikamjua. Kwa nini Mutu ndiye aulizwe? Na sisi watu wa pwani ndio wa mwisho kushangaa: maonyesho yake ya London ya mwaka 2014 yaliitwa Nguva na Nyoka, kwa Kiswahili hichohicho, na mwaka 2017 alimtoa kwa shaba mwanamke mwenye mkia wa samaki. Hadithi za nguva anayewavuta wavuvi ulizisikia kwa bibi yako kabla hujajua New Orleans iko wapi.

Mimi kazi ninayoipenda kuliko zote ni ya mwaka 2019. Ukuta wa mbele wa jumba la makumbusho ya sanaa la Metropolitan, New York, uliomalizika 1902, una vishubaka vilivyojengwa ili viwekwe sanamu, na havikuwahi kuwekwa kitu hadi Mutu alipoketisha humo wanawake wanne wa shaba. Tangu Ugiriki ya kale, mwanamke wa jiwe kazi yake ni kubeba dari. Hata kwenye viti vya watawala wa Waluba kule Kongo, mwanamke amepiga magoti akibeba kiti kwa mikono. Wale wanne hawabebi chochote. Wameketi tu, wamevaa mavazi ya pingilipingili, na kila mmoja ana kisahani kinachong'aa mahali tofauti kichwani, jua likikipiga kinawaka. Nilisimama kwenye ngazi hadi shingo ikauma.

*Mwalimu, nafundisha sanaa shule ya msingi. Tumejaribu sanamu za udongo mwekundu, zikikauka zinapasuka. Yeye anafanyaje?*
Mwalimu mwenzio, Kilifi

Hatumii udongo mtupu. Anauchanganya na rojo ya karatasi na gundi ya mbao, juu ya kiunzi. Nyinyi loweka magazeti usiku kucha, twanga, kamua maji, changanya na udongo uliochekechwa na gundi nyeupe ya fundi seremala. Kiunzi kiwe cha vijiti na waya. Pakeni tabaka jembamba, likauke kivulini, ndipo mpake jingine. Mkiona ufa, zibeni kwa rojo hiyohiyo. Msianike juani, hapo ndipo wengi wanapoharibu.

*Je, kwa sisi tusio na nauli ya Marekani, tutazame wapi sanaa ya kwetu?*
Kijana, Changamwe

Panda treni hadi Nairobi. Nenda Nairobi Gallery, katikati ya mji, jengo la mwaka 1913 lililokuwa ofisi ya serikali ya kikoloni, ukaone mkusanyiko wa Joseph Murumbi, aliyekuwa makamu wa rais. Halafu tafuta NCAI (Nairobi Contemporary Art Institute), taasisi ya sanaa ya kisasa iliyoanzishwa na mchoraji Michael Armitage. Usiguse sanamu, hata kama mlinzi anasinzia. Jasho la vidole huacha alama kwenye shaba.