Betri mpya inakufa jioni: ni koili, regyuleta au waya?

SWALI: Fundi, habari za kazi. Mimi ni bodaboda, hapa Mwanza, asubuhi nabeba samaki kutoka soko la samaki la Mwaloni Kirumba kupeleka Buhongwa, mchana abiria. Pikipiki yangu ni ya Kichina, cc 125, ina stata. Asubuhi inawaka kwa stata vizuri tu. Ikifika saa kumi jioni honi inakoroma, indiketa inawaka bila kupepesa, stata inafanya "tik" basi. Nikipiga kiki inawaka palepale na inatembea bila shida. Taa kubwa iko safi, tena nikipiga resi inaongezeka. Nimeshabadilisha betri mara mbili. Fundi mmoja alichomoa waya wa betri injini ikiwa inaunguruma, haikuzima, akasema chaji ipo ila betri ninazonunua ni feki. Mwingine anataka kufungua injini abadilishe koili. Nianzie wapi? Na je, naweza kuendelea na kazi wakati natafuta hela?

JIBU: Nzuri, ndugu yangu. Betri ya tatu usinunue, na injini isifunguliwe kwanza. Maelezo yako tayari yameondoa nusu ya kazi, kwa sababu umetaja kitu ambacho wateja wengi hawakitaji: taa kubwa.

Pikipiki nyingi za aina yako zimefuata muundo wa Honda CG125. Sumaku inazunguka ndani ya kava la kushoto la injini, na koili zilizo pale zinatoa umeme wa njia tatu. Njia moja inakwenda CDI kupeleka moto kwenye plagi. Ya pili, mara nyingi waya wa njano, inakwenda kwenye taa kubwa bila kupitia betri. Ndiyo maana taa yako inafuata resi. Ya tatu ni waya mweupe, wengine wanaweka wa pinki, unaoingia kwenye regyuleta. Humo umeme wa AC (unaogeukageuka mwelekeo) unageuzwa kuwa DC (unaokwenda upande mmoja, kama wa betri) na kutoka kwa waya mwekundu kwenda betri. Honi, indiketa, taa ya breki na stata vyote vinakula betri.

Kwa hiyo injini kuwaka kwa kiki na taa kubwa kung'aa ni ushahidi wa njia mbili za kwanza tu. Ya tatu inaweza kuwa imekufa kabisa na usijue mpaka jioni, betri itakapomaliza akiba yake. Ndiyo sababu kipimo cha kuchomoa waya wa betri hakikuthibitisha chochote: injini yako haikuwa inaitegemea betri hata kidogo. Tena kina madhara. Betri ndiyo inayotuliza umeme wa DC. Ukiitoa injini ikiwa na resi, volti zinaruka juu, na hapo utaunguza balbu, kidude cha kupepesa indiketa, au hiyo regyuleta yenyewe ambayo labda ilikuwa nzima. Fundi akiusogelea waya wa betri pikipiki ikiwa inaunguruma, mwambie aache.

Kinachohitajika ni mita, hata ile ndogo ya bei rahisi. Ila angalia betri ya mita yenyewe. Ikichoka, mita nyingi husoma juu kuliko ukweli, na utaambiwa chaji ipo wakati haipo.

Pima asubuhi kabla hujawasha, mita ikiwa DC volti 20, ncha nyekundu kwenye chanya ya betri na nyeusi kwenye hasi. Betri iliyojaa na kupumzika inasoma karibu 12.6 au zaidi kidogo. Ikiwa 12.0, imebaki karibu tupu. Kisha washa, piga resi ya kati, ile ya kutembea barabarani, usomee palepale kwenye vichwa vya betri. Usipime bila resi, kwani pikipiki hizi kwa mlio wa chini zinachaji kidogo sana hata zikiwa nzima, na watu wanahukumu koili bure.

Ukipata kati ya 13.5 na 14.8, chaji ipo, tutafute kinachoila. Ikipita 15, regyuleta imeshindwa kuzuia. Dalili zake nyingine ni betri kuchemka, kunuka kama yai viza na balbu kuungua ovyo. Ikibaki 12 na ushei na kuendelea kushuka, chaji haifiki. Kwa dalili zako natarajia hii ya mwisho.

Sasa, neno "haifiki" halina maana ya koili. Wewe unabeba samaki. Barafu inayeyuka, maji yanachuruzika kutoka kwenye kreti yanapita chini ya siti, na hapo ndipo zilipo soketi nyingi za waya, na kwa pikipiki nyingi na regyuleta pia. Kwenye pikipiki za kazi ya mwaloni mimi huanza hapo kabla ya kitu kingine. Vua kava la pembeni, fuata waya kutoka regyuleta hadi soketi yake, uichomoe. Usitosheke kuitazama kwa nje. Angalia vipini vya ndani kimoja kimoja: unga wa kijani ni kutu ya shaba, na plastiki iliyogeuka rangi ya kahawia au kulainika kuzunguka kipini kimoja inaonyesha palikuwa na joto, yaani kipini kilikuwa kimelegea na umeme unapita kwa taabu. Hicho kipini ukikigusa kinaweza kuonekana kimekaza vizuri kabisa. Fungua na nyumba ya fyuzi pia, maana umeme wa chaji mara nyingi unapita humo kabla ya kufika betri.

Kuna kipimo kinachomaliza ubishi wa waya. Injini ikiwa na resi ya kati, weka ncha moja ya mita kwenye waya mwekundu pale unapotoka regyuleta, nyingine kwenye chanya ya betri. Mita inatakiwa isome karibu na sifuri; ikipita 0.3 hivi, kati ya hizo sehemu mbili kuna kutu, kipini kilicholegea au waya uliokatika nyuzi. Rudia kwa waya wa kijani wa regyuleta na hasi ya betri. Huo wa kijani ndio ethi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye hasi kupitia fremu, na ukiwa na kutu pale ulipofungwa kwenye fremu, regyuleta mpya haitasaidia kitu. Ukikuta kosa, kata sehemu mbovu, chomelea kwa risasi, funika vizuri. Kusokota nyuzi na kufunga tepu kwenye pikipiki inayolowa kila siku ni kujipangia kurudi kwa fundi.

Waya zikiwa safi, ndipo tuiulize koili, nayo inaulizwa kutoka nje. Chomoa soketi ya regyuleta, weka mita kwenye AC, ncha moja kwenye waya mweupe unaotoka injini na nyingine kwenye bodi ya injini. Piga resi taratibu. Volti lazima zipande pamoja na resi, zipite 20 bila kusitasita. Zikipanda hivyo, koili ipo, mshukiwa ni regyuleta. Zikibaki 3 au 4 hata ukipiga resi, au zikapanda na kukatika, hapo sasa yule wa kufungua kava ana hoja.

Tahadhari moja, kwa sababu inawagharimu watu. Kuna fundi atapima waya wa koili na bodi ya injini kwa mlio wa mita, isikike "piii", aseme koili imepiga shoti. Kwenye pikipiki zenye waya tatu za njano hiyo ni kweli: hakuna hata mmoja unaotakiwa kugusa bodi. Kwenye muundo wa CG kama wa kwako, mwisho mmoja wa koili umefungwa kwenye bodi tangu kiwandani. Lazima ilie. Na rangi usiziamini sana kwenye pikipiki iliyopita kwa mafundi wengi. Fuata waya mpaka unakotoka.

Regyuleta sina kipimo cha mita ninachokiamini asilimia mia. Azima ya jirani kijiweni kutoka pikipiki ya aina hiyohiyo, ifunge, pima volti za betri upya. Zikifika 14, kanunue.

Ikitokea chaji ipo na betri bado inakufa, hesabu ulichoongeza. Taa mbili za LED za wati 20 kila moja zinakula zaidi ya ampia 3, na hapo hatujagusa redio wala chaja ya simu. Koili ndogo namna hiyo haikutengenezwa kwa mzigo huo. Betri ikifa usiku pikipiki imelala, chomoa soketi ya regyuleta jioni uilaze hivyo. Asubuhi betri ikiwa nzima, ni regyuleta inayovujisha umeme kurudi nyuma.

Zile betri mbili usizitupe. Zichaji nje taratibu, ya Ah 7 (ndiyo uwezo wa betri, umeandikwa juu yake) kwa ampia 0.7 hivi, ziache usiku kucha bila kuguswa, uzipime. Inayobaki 12.5 kwenda juu bado ni mali. Kama ni ya kufunguka na imepungua, ongeza maji yaliyosafishwa ya betri, siyo ya ziwani wala ya bomba, na asidi usiongeze.

Kuhusu kazi: mchana unaweza kuendelea kwa kiki, moto wa plagi hautakuangusha. Betri iache mahali pake hata ikiwa dhaifu. Stata usiiguse, maana ndiyo inayokomba kilichobaki, na kama umeongeza taa za LED, zizime. Usiku nakushauri ulaze pikipiki mpaka itengenezwe. Taa kubwa itakudanganya kwamba mambo ni shwari, huku taa ya breki haiwaki na wewe umebeba mtu Barabara ya Kenyatta na daladala nyuma yako.