Re: Mambo Leo na Baraza wakati wa Vita Kuu ya Pili, nizisome vipi?

Salaam ndugu. Umekwama hapa: nakala zako za mwaka 1942 za magazeti ya Mambo Leo na Baraza zinaisifu Uingereza kila ukurasa, nawe unauliza kama hayo ndiyo yalikuwa mawazo ya Waafrika wenyewe.

Kabla ya yote, tazama mwenye gazeti. Mambo Leo lilianzishwa na Idara ya Elimu ya Tanganyika mwaka 1923, kwa hiyo hiyo ni sauti ya serikali. Baraza lilitolewa Nairobi na kampuni ya East African Standard, gazeti la walowezi, kuanzia 1939 vita vilipoanza. Mhariri wake, Francis Khamisi, alikuwa Mwafrika, ila mtambo wa kuchapia haukuwa wake. Hilo lina uzito mkubwa.

Mimi nilipoteza wiki nzima kwenye habari za mapigano. Nilipohamia barua za wasomaji na mashairi ndipo nikaanza kusikia watu. Anza huko. Ukikuta msomaji analalamikia bei ya nguo au mshahara, nakili neno kwa neno, maana limepita mbele ya macho ya wakubwa likachapwa.

Kisha linganisha na gazeti la Kwetu la Erica Fiah, lililoanza Dar es Salaam 1937 likiwa mali ya Mwafrika. Na kumbuka mwaka 1940 serikali ya Kenya ilipiga marufuku chama cha KCA (Kikuyu Central Association, chama cha siasa cha Wakikuyu), kwa hiyo ukimya wa gazeti usiuhesabu kuwa ni kukubali.

Barua za askari wa KAR (King's African Rifles, kikosi cha Waafrika katika jeshi la Uingereza) waliokuwa Burma ukizipata, tuwekee hapa tafadhali.