Kalibu ya machubwi: niliyojifunza kwa kuungua

Kovu lililo kwenye mkono wangu wa kulia nililipata mwaka nilioanza kusubu mwenyewe machubwi, yale mazito ya madini ya risasi yanayozamisha mshipi. Nilikuwa nimetengeneza kalibu ya saruji, yaani chombo cha kumiminia risasi iliyoyeyuka ipate umbo, nikaianika siku tatu juani hapa Mikindani, nikaamini imekauka. Ilikuwa na unyevu ndani. Risasi ya moto ilipoufikia, maji yakageuka mvuke kwa ghafla na risasi ikaruka. Nyingine ilipita karibu na jicho. Tangu siku ile, mvuvi mwenzangu akiniuliza anunue kalibu gani, naanzia hapo: achana na saruji, achana na plasta. Hewa yetu ya pwani ina unyevu, na kitu kinachonyonya maji hakifai kumiminiwa risasi.

Chukua ya alumini. Risasi huyeyuka kwenye nyuzi 327 za Selsiasi, alumini kwenye nyuzi 660, kwa hiyo kalibu haidhuriki, na risasi haishikani nayo. Chuma nacho ni kizuri, ila chumvi ya huku hukila. Ukisahau kukipaka mafuta, kutu inaingia tunduni na chubwi halitoki. Wala si lazima uagize mbali. Fundi anayesubu masufuria anaweza kukutengenezea vipande viwili ukimpelekea chubwi zuri la mfano. Msisitizie aweke pini mbili za kulenganisha vipande. Bila pini vinateleza, na chubwi linatoka na ukingo mkali unaokata mshipi.

Kabla hujalipa, pima. Bana vipande viwili, vielekeze juani, uone kama mwanga unapenya kwenye mshono. Kisha chukua bomba la sindano ujaze tundu maji. Kila mililita moja ni gramu 11 hivi za risasi, kwa hiyo tundu la mililita 18 litakupa chubwi la karibu gramu 200. Mimi niliwahi kuuziwa kalibu ya "robo kilo" ambayo chubwi lake halikufika hata gramu 180. Ukimaliza kupima, ikaushe kabisa karibu na moto, sababu umeshaisikia.

Umbo ndilo wengi hawalifikirii, na ndilo linaloamua kama chambo kitakaa kwenye samaki au kitapelekwa na maji. Kwenye mlango wa bandari ya Mtwara, upande wa Msangamkuu, bamvua, yaani maji makubwa, linapovuta unahitaji chubwi refu na jembamba kama kidole, lizame upesi. Kwenye mchanga, la bapa hutulia pale lilipoangukia, wakati la mviringo hubingirika. Kwenye miamba ya chewa na changu nataka lililo laini, lisilo na pembe, nalifunga kwa uzi dhaifu kuliko mshipi ili likinasa likatike peke yake, samaki abaki wangu. Kama fedha inatosha kalibu moja tu, nunua ya chubwi refu la gramu 150. Maji mafu, mkondo ukiwa dhaifu, linatosha. Bamvua likija, funga mawili.

Usivutwe na kalibu ya matundu sita. Kwa jiko la mkaa na sufuria ndogo, ukifika tundu la nne risasi imeanza kupoa na machubwi yanatoka na makunyanzi. Tundu moja au mawili yanatosha. Ipashe kalibu moto kwanza, ifukize kwa moshi wa kibatari mpaka tundu liwe jeusi, na yale machubwi mawili matatu ya mwanzo yarudishe sufuriani bila huruma.

Sufuria hiyo isirudi jikoni kamwe. Yeyushia nje, upepo ukiwa mgongoni kwako, watoto wakiwa mbali, na unawe mikono kabla ya kula. Risasi huharibu ubongo wa mtoto, na hakuna kiasi chake kinachojulikana kuwa salama. Na tafadhali, ndugu yangu, usivunje betri za gari kutafuta risasi. Tumia vipande vya kubalansi matairi vilivyo vya risasi, au machubwi ya zamani.

Jambo la mwisho la kumwambia fundi: akate mfereji mwembamba wa waya juu ya tundu. Unaweka kitanzi cha waya wa shaba kabla ya kumimina, na chubwi linatoka na sikio lake tayari. Kulitoboa baadaye kunachosha, na vumbi lake ni sumu.