Kofia ya pama: mistari ya ukingoni ikae sawa

Assalaam alaykum wapenzi. Wengi mnaniuliza kuhusu kofia za pama ninazoshona, hasa ile mistari ya uzi inayozunguka ukingoni, mnasema yenu inakwenda upogo. Mie naamini mstari mzuri unatengenezwa kabla hujakaa kwenye cherehani. Na watu wa huku kwetu Paje, Unguja, wamekua wakiona kofia za viua za mkono, tundu moja moja, jicho lao kali mashaallah, mstari ukipinda kidogo tu wameshauona.

Kitambaa chukua dril au kitenge kizito. Kanga laini mno kwa ukingo, kama umeipenda sana ifanye bitana. Pima kichwa, tuseme sm 58, gawa kwa 6.28 unapata kama 9.2. Sasa duara la ndani unapima kutoka katikati sm 8.2, maana sm 1 inaliwa na mshono, la nje sm 17.2, ukitoa sm 1 ya mshono kila upande hapo ukingo wako utatoka sm 7. Kata vipande viwili, kimoja kibandike gamu ya kola, kile kitambaa cha kukazia kinachogandishwa kwa pasi.

Unganisha kwenye duara la nje, punguza ubaki nusu sm, uchanje chanje kidogo bila kugusa uzi, kisha geuza. Hapa jamani msifanye haraka. Sugua mshono kwa kidole gumba na cha shahada mpaka utokeze wenyewe pembeni kabisa, ndo upige pasi, sogea kidogo, tena sugua, tena pasi, mpaka umalize duara lote. Kwa ndani piga bandi vitambaa visihame.

Sindano weka mpya, nambari 90/14. Hewa yetu ya bahari hii sindano ikikaa inashika kutu na kutu inachafua kitambaa. Refusha mshono mpaka mm 3 au 3.5, ujaribu kwanza kwenye kipande chenye matabaka yale yale, ukiona uzi unafanya vitanzi kwa chini basi wa juu umelegea, kaza.

Anza nje, mstari wa kwanza nusu sm kutoka ukingoni. Macho usiyaweke kwenye sindano, yaweke kwenye ubavu wa mguu wa cherehani, ndo unaofuata mstari uliotangulia. Mie sikati uzi kila mzunguko, nikikaribia nilipoanzia nasogea ndani kidogo kidogo nazunguka tena kama konokono mpaka ndani, hivyo hakuna viungio vya kuonekana. Duara linapopinda simamisha sindano ikiwa chini, nyanyua mguu, geuza kitambaa, shusha, endelea. Na usikivute! Ukikivuta ukingo unafanya mawimbi na pasi haiyatoi.

Mwisho usirudishe nyuma, ile rudi-rudi inaharibu sura yote, acha uzi kama sm 10, uvute chini, funga fundo, ufiche katikati ya vitambaa kwa sindano ya mkono.

Rangi ya uzi, kama mkono bado haujatulia tumia inayokaribiana na kitambaa, uzi mweupe juu ya buluu subiri kwanza. Ukingo uishe wote ndo uunganishe na kichwa cha kofia, kwa ndani funika mshono kwa utepe wa pamba ili unyonye jasho, maana jua la Paje mnalijua.