Maswali Yenu Kuhusu Bahari: Bamvua, Maji Mafu na Safari ya Mwambani

Barua za mwezi huu zinahusu mahali pamoja, nayo ni Mbuga ya Bahari ya Mombasa, pale maji yanapotulia baina ya mchanga wa Nyali na Bamburi na mwamba unaoonekana kwa mbali kama mstari mweupe wa povu. Nimezijibu kwa mpangilio unaofuata, nikiipa ya kwanza nafasi kubwa zaidi, kwa kuwa kosa lililotokea humo hutokea kila wiki.

SWALI: *Assalaam aleikum, mwalimu. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Kisauni. Jumapili moja ya mwezi uliopita, mwezi ukiwa mpevu, tulikwenda katika ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta, ambao wengi wetu tunauita Pirates, tukapanda boti ya kioo ili watoto waone samaki. Tuliondoka saa kumi za jioni. Maji yalikuwa machafu, mawimbi yanapanda juu ya mwamba, mtoto wangu wa mwisho alitapika njia nzima, na chini ya kile kioo hatukuona ila ukungu wa mchanga. Je, tulidanganywa? Na kama kweli pana kitu cha kuona, twende lini?*

JIBU: Waaleikum salaam, mama. Mahali ni penyewe, na vitu vipo. Mlichokosea ni saa, na nasikitika kwamba aliyewapakia, ambaye bila shaka aliijua bahari kuliko ninyi, hakuwaambia.

Mbuga hii ilitangazwa mwaka 1986. Sehemu yake ya ndani, ambamo hairuhusiwi kuvua, ina ukubwa wa kilomita za mraba 10, nayo imezungukwa na hifadhi kubwa zaidi ya takriban kilomita za mraba 200, ambamo uvuvi wa kienyeji unaruhusiwa. Kinachoifanya ipendeze ni ule mwamba, ambao umelala sambamba na pwani na kufanya kazi ya ukuta. Maji yakipwa, mawimbi ya bahari kuu huvunjikia kwenye ukuta huo, na huku ndani bahari huwa kama maji ya karai: unaona kivuli cha boti kikitembea juu ya mchanga, unaona majani ya bahari yakilala upande mmoja, unaona tafi wakipita kwa makundi. Maji yakijaa, ukuta unazama, mawimbi yanapita juu yake na kuingia ndani, mchanga unatibuka, na mtu aliyelipa pesa zake anaoneshwa ukungu.

Sasa tazama saa zenyewe. Bahari yetu hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa muda wa mchana na usiku, na kutoka kujaa hadi kupwa ni saa sita na dakika chache, kwa hiyo kila siku maji huchelewa kwa kiasi cha dakika 50 kuliko jana yake. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu tunapata bamvua, ambapo tofauti baina ya maji yaliyojaa na yaliyokupwa hupita mita 3; mwezi ukiwa nusu tunapata maji mafu, ambapo tofauti hiyo ni kiasi cha mita moja au zaidi kidogo. Jambo ambalo wageni hawalijui, na wenyeji wengi siku hizi wamelisahau, ni kwamba hapa Mombasa bamvua ina saa zake: maji hupwa kabisa baina ya saa nne asubuhi na saa sita mchana, na hujaa baina ya saa kumi na saa kumi na mbili jioni. Siku za maji mafu mambo hugeuka, maji yakajaa mnamo saa nne au saa tano asubuhi. Ninyi mlikwenda mwezi ukiwa mpevu, saa kumi za jioni. Bahari nzima ilikuwa imekuja juu.

Kwa hiyo msiichague siku kwa kuwa ni Jumapili tu. Itazameni pia kalenda ya mwezi wa Kiislamu ukutani. Tarehe 15 hadi 18, na tena siku mbili tatu za mwanzo wa mwezi, ndizo ninazozipenda. Mfike ufuoni saa tatu asubuhi, mwondoke maji yakiwa bado yanatoka, mfike penye matumbawe saa moja kabla hayajapwa kabisa, na mrudi yanapoanza kujaa. Huenda mkalazimika kutembea ndani ya maji ya magotini hadi boti ilipo, kwa maana siku hizo haiwezi kusogea karibu na mchanga, lakini taabu hiyo ni ndogo na watoto huifurahia. Jedwali la maji la bandari ya Kilindini hupatikana kwa urahisi kwenye simu, nalo litakupa dakika kamili.

Msimu nao una neno. Kaskazi ikivuma, hasa kuanzia Desemba hadi Machi, maji huwa safi na ya kutulia. Kusi ikiingia, na masika juu yake, upepo huchafua bahari, mwani hurundikana ufuoni, na mvua huteremsha tope kupitia hori za bahari za Mtwapa na Tudor. Ukiweza, subiri.

SWALI: *Mwalimu, shikamoo. Sisi ni vijana wanne wa Likoni. Tumesikia kuwa bamvua ikitoka kuna sehemu ambazo mtu anaweza kwenda mwambani kwa miguu bila kulipia boti. Mmoja wetu hajui kuogelea. Kuna ubaya?*

JIBU: Marahaba, wanangu. Ubaya upo, nami nitausema waziwazi kwa sababu ninawaonea uchungu: msiende bila mwenyeji anayeijua njia, na huyo asiyejua kuogelea asiende kabisa kwa miguu.

Watu hudhani kwamba maji yakijaa yatawafuata kutoka mbele, kwa hiyo watayaona yakija. Sivyo. Mwamba uko juu kuliko sakafu ya bahari iliyo baina yake na ufuo. Wewe unaweza kuwa umesimama pakavu, unatazama pweza ndani ya shimo lake, na nyuma yako njia uliyokujia imeshaanza kujaa kimya kimya kupitia milango ya mwamba.

Mjomba wangu, aliyekuwa mvuvi wa madema, ile mitego ya samaki ya kusukwa, hakuwa na saa ya mkononi. Alikuwa akifika mwambani anachomeka kijiti mahali maji yalipoishia kwenye kidimbwi, kisha anaendelea na shughuli zake huku akikitupia jicho. Siku moja, nikiwa na umri wa miaka kumi hivi, nilikuwa nimeinama nikitazama kaa. Akaniita na kunionesha kile kijiti: ukanda mdogo wa povu, mwembamba kama uzi, ulikuwa umekizunguka na kukipita kwa upana wa vidole viwili. Mimi sikuona sababu ya haraka. Tulipofika katikati ya njia maji yalikuwa kifuani pangu, naye akanibeba mabegani hadi mchangani bila kunigombeza. Tangu siku hiyo nimekiheshimu kijiti.

Hesabu yake ni hii, nao mabaharia huitumia hadi leo. Maji hayajai kwa mwendo mmoja. Tuseme yatapanda mita 3 kwa saa sita: saa ya kwanza hupanda sentimita 25 tu, saa ya pili sentimita 50, na saa ya tatu sentimita 75. Kwa hiyo anayejiambia kwamba maji yanajaa polepole amepima saa ya kwanza. Kufikia mwisho wa saa ya tatu yameongezeka mita moja na nusu, na mtu wa kimo cha kawaida yuko ndani hadi mabegani, na mkondo unamsukuma. Sheria yangu ni kwamba uso wako uelekee ufuoni kabla maji hayajaanza kugeuka.

Vaeni viatu vyenye soli ngumu. Kuna wale viumbe wa mviringo wenye miiba mieusi mirefu, ambayo huvunjikia ndani ya nyayo, na kuna samaki anayefanana na jiwe hata mvuvi mzoefu humkanyaga. Aliyechomwa atumbukize mguu katika maji ya moto anayoweza kuyavumilia, kwa kuwa joto hupunguza makali ya sumu; na ikiwa maumivu ni makubwa au mguu unavimba upesi, apelekwe hospitali bila kungojea.

SWALI: *Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Tulipowapeleka wanafunzi huko, waliokota viti vya pweza, wale viumbe wenye umbo la nyota, na kombe, wakataka kurudi navyo darasani. Askari wa wanyamapori akavirudisha majini, watoto wakalia. Je, kiti kimoja cha pweza kinapunguza nini baharini?*

JIBU: Askari alifanya kazi yake vizuri, mwalimu mwenzangu. Ndani ya mbuga hairuhusiwi kuondoa kitu, kiwe hai au kimekufa, na kombe tupu ambalo mtoto analiona halina mwenyewe huenda likawa nyumba ya kaa siku ya pili. Kiti cha pweza nacho huvuta pumzi majini. Kukiinua juani ili kipigwe picha ni sawa na kumziba mtu pua.

Lakini somo kubwa zaidi mngelipata kwenye matumbawe. Waambie watoto kwamba tumbawe si jiwe. Ni wanyama wadogo sana wanaoishi pamoja kwa maelfu, na ndani ya miili yao huishi mimea midogo isiyoonekana kwa macho, inayowapa chakula na rangi. Maji yakizidi joto kwa majuma kadhaa, wanyama hao huitoa mimea hiyo, wakabaki weupe, na hali isipobadilika hufa. Mwaka 1998, wakati wa El Niño, jambo hilo lilitokea katika pwani yetu yote, na sehemu kubwa ya matumbawe ilikufa. Yapo matumbawe ya mviringo ambayo hukua kwa kiasi cha sentimita moja tu kwa mwaka. Mtoto akisimama juu yake kwa dakika moja ili atengeneze miwani yake ya kuzamia, anavunja kilichoanza kabla hajazaliwa.

Kuna jambo jingine linaloniuma. Nimeona kwenye boti watu wakirusha mkate ili samaki wakusanyike chini ya kioo, na abiria wakipiga makofi. Samaki hawakuumbwa kula mkate, na anayeshiba mkate huacha kazi yake ya kula mwani unaoyasonga matumbawe. Mwambieni nahodha mapema kwamba hamhitaji mchezo huo. Chupa za plastiki za kutumia mara moja nazo ziacheni nyumbani, kwani tangu tarehe 5 Juni 2020 haziruhusiwi katika mbuga na fuo zilizohifadhiwa nchini Kenya.

SWALI: *Baba yangu na babu yangu walivua pale. Leo wageni wanaingia kuogelea, sisi tunakatazwa kutega. Haki iko wapi?*

JIBU: Ndugu yangu, swali lako nalichukua kwa uzito wake, wala sitakuambia kwamba hamkupoteza kitu. Mlipoteza eneo lililokuwa karibu na nyumbani, na asiye na mashine hawezi kulifidia kwa kwenda nje ya mwamba wakati wa kusi. Ninachoweza kukueleza ni kile ambacho eneo lile linafanya. Watafiti waliopima madema kandokando ya mpaka wa mbuga hii waliona kwamba kadiri dema linavyotegwa karibu na mpaka, ndivyo linavyopata samaki wengi zaidi, kwa sababu wanaokulia ndani hutoka. Na samaki aitwaye kikande, ambaye akivuliwa sana huadimika, ndiye anayewala wale viumbe wa miiba mieusi. Asipokuwapo, huongezeka na kuutafuna mwamba hadi samaki wengine wakose makao. Tazama kwa macho yako tofauti ya chini ya maji, ndani ya mbuga na mahali palipovutwa juya kwa miaka mingi, nyavu ambazo serikali ilizipiga marufuku mwaka 2001. Baada ya hapo, dai lako la kupewa nafasi katika mapato na katika maamuzi litakuwa na nguvu zaidi, nami niko upande wako katika hilo.

SWALI: *Mwalimu, ni mimi tena, mama wa Kisauni. Nimesahau kuuliza kuhusu malipo, na kama yule mtoto wangu wa miaka minne anaweza kurudi.*

JIBU: Ada ya kuingia mbugani hulipwa kwa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori kupitia eCitizen, mtandao wa serikali wa huduma na malipo, si kwa fedha taslimu, na raia hulipa kiwango chake akionesha kitambulisho, kwa hiyo usikiache. Nauli ya boti ni jambo jingine kabisa, na mpatane kabla hujatia mguu majini, mkitaja saa ya kwenda na saa ya kurudi.

Mtoto arudi, inshallah. Umpe chakula chepesi saa moja kabla, umketishe katikati ya boti, asikae mbele. Kabla ya kuondoka omba jaketi la kuokoa maisha la kimo chake, umvalishe, ufunge vifungo vyote, kisha ulishike mabegani na kulivuta juu. Likipanda hadi masikioni, ni la mtu mzima: litamtoka akianguka. Litafuteni jingine, na kama boti hiyo haina, pandeni nyingine.