Dakika mbili kwa swali, na hakuna maki za njia

SWALI: Habari yako mwalimu. Mimi ni mhasibu hapa Industrial Area, nataka kufanya GMAT niombe nafasi ya masta ya biashara nje. Hesabu naiweza, KCSE nilipata A, lakini kila nikifanya mtihani wa mazoezi saa inanimaliza, nikitoka swali la 15 naona zimebaki dakika 5 na bado kuna maswali 6. Nifanye nini nipate spidi?
Dada wa Donholm

JIBU: Pole dada, lakini nikikusoma vizuri shida yako si spidi. Maswali 15 umetumia dakika 40, ni kama dakika 2 na sekunde 40 kila moja, na sidhani yalitumia muda sawa, lazima kuna mawili matatu uling'ang'ana nayo dakika tano tano. Hayo ndo yanakumaliza.

Na hiyo tabia tumeitoa shule. KCSE hesabu ni pepa mbili za masaa mawili na nusu kila moja, ukikwama unaendelea tu kuandika kwa sababu kuna maki za njia, hata jibu likiwa baya anayesahihisha anakupa kitu. GMAT haioni njia yako. Kazi yote uliyoandika pembeni haiendi popote, kompyuta inachukua chaguo ulilobonyeza, basi.

Ile nyingine tumezoea ni kuruka gumu tuje tulirudie. Hapa haiwezekani, mpaka ujibu hili ndo lingine lije, maana mtihani unachagua linalofuata kulingana na unavyojibu. Kurudi kupo, lakini ni ukishamaliza sehemu nzima na muda ukiwa umebaki, na majibu ya kubadilisha ni 3 tu. Kwa hivo swali likikukataa kisia, liwekee alama, songa mbele.

Sasa namba zenyewe. Sehemu ni 3, kila moja dakika 45: hesabu maswali 21, lugha 23, na ile ya kuchambua data 20. Ukigawanya, hesabu inatoka kama dakika 2 na sekunde 8, lugha chini kidogo ya 2, data 2 na robo. Lakini tafadhali usiangalie saa kila swali, utachanganyikiwa bure. Hesabu imejigawa yenyewe vizuri, maswali 7 kila dakika 15, na kwa vile saa ya kwenye skrini inahesabu kurudi chini, ukimaliza la 7 inafaa isome 30, ukimaliza la 14 isome 15. Mara mbili tu. Ukikuta 26 badala ya 30 usianze kukimbiza kila kitu, utakosa hata yale unayoyajua, ngoja lije moja baya ulikisie haraka, na lingine likija hivo hivo, hapo umerudi kwa mstari.

Lugha ni tofauti kidogo, kifungu kirefu kinakula muda mwanzo, swali lake la kwanza likifika dakika 3 na zaidi usishtuke, yanayofuata yanaenda haraka kwa sababu umeshasoma. Kwa data kuna maswali ya vyanzo vingi, nayo ni hivo hivo. Kikokotoo kiko kwa data pekee, kwa hivo hesabu ifanyie mazoezi bila kukigusa.

Na usiache maswali ya mwisho bila jibu, kuna adhabu ya kutomaliza na ni kali. Zikibaki dakika 2 na maswali 4, bonyeza yote.

Wiki hii weka kando mtihani mzima. Chukua maswali 7 na dakika 15 kabla hujatoka asubuhi, uandike kila moja limechukua muda gani, halafu yale yaliyopita dakika 3 ujiulize, nilijua saa ngapi kwamba hili silijui? Mara nyingi utakuta ulijua ndani ya dakika ya kwanza ukakataa kukubali. Kuachilia mapema ndo kazi yako sasa, na kwa mtu wa A inauma sana, naelewa kabisa, lakini huu mtihani unakuletea magumu kwa sababu unafanya vizuri, kukosa kadhaa si kuanguka.

SWALI: Kijana wangu amemaliza fomu foo anajiandaa kwa SAT, ule mtihani wa kuombea vyuo vya Marekani. Hayo ya kutoruka swali yanamhusu pia?
Mzazi, South C

JIBU: Hapana mzazi, yeye aruke tu. SAT ya sasa ni ya kompyuta, kuna vipande 2 vya kusoma na kuandika, kila kimoja maswali 27 kwa dakika 32, na 2 vya hesabu, maswali 22 kwa dakika 35. Ndani ya kipande anaenda mbele na kurudi anavyotaka, ila kikifungwa kimefungwa. Aanze na rahisi kama alivyofundishwa shuleni, magumu ayawekee alama, na kwa vile kukosa hakupunguzi maki, asiache hata moja wazi.