Kabla hujaandika "employee", uliza kwanza ni sheria gani inayoongea

Wiki iliyopita nimepata imeili niliyoisubiri muda mrefu sana. Ofisi moja ya washauri wa kodi hapa Hamburg wameniandikia wenyewe, bila kupitia kampuni ya tafsiri, wanataka niwe nawatafsiria nyaraka zao za Kijerumani kwenda Kiingereza, zile zinazohusu hadhi ya ajira, yaani nani kaajiriwa, nani kajiajiri, nani yuko katikati. Nimefurahi, sifichi. Na kwa vile kila nikigusia kazi yangu napata meseji za wadogo zangu wa Dar na Arusha wanaosoma Kijerumani na wanataka kufanya hiki ninachofanya, leo nawasimulia ilivyokuwa, maana imeili hiyo ina historia na historia yenyewe bado inaniuma.

Yote yalianzia kwenye barua ya ushauri wa kodi, kurasa chache tu, niliyopewa na kampuni ya tafsiri niitafsiri kwa Kiingereza. Mteja wa mshauri ni Geschäftsführer wa GmbH (aina ya kampuni kama "limited" ya kwetu), yaani ndiye anayeiongoza kampuni na kuisainia mikataba, halafu ana nusu ya hisa. Alikuwa anahamia London, kwa hiyo wanasheria wa kule walitaka kujua Ujerumani inamhesabu kama nani. Sasa tazama aya moja tu ya barua hiyo. Kwa sheria ya kazi, jamaa si Arbeitnehmer, yaani mwajiriwa, kwa sababu yeye ndiye anayeiwakilisha kampuni, yuko upande wa mwajiri. Kwa sheria ya kodi jamaa ni Arbeitnehmer, mshahara wake unaingia kifungu cha 19 cha sheria ya kodi ya mapato, EStG, na kampuni inamkata kodi kila mwezi kama inavyomkata sekretari wa pale mapokezi. Kwa bima ya jamii jamaa si Beschäftigter, yaani mtu aliye kwenye ajira inayokatwa bima, kwa sababu mwenye nusu ya hisa anaweza kuzuia maamuzi asiyoyataka kwenye kikao cha wanahisa, hivyo hakatwi pensheni ya lazima. Mtu ni huyo huyo, mshahara ni huo huo, na Mjerumani haoni shida yoyote hapo.

Mimi niliandika kila mahali ni sheria ipi inayosema. Penye kodi nikaandika "employee for German wage tax purposes", penye kazi nikaandika "not an employee under German employment law", na penye bima vilevile nikataja bima. Sentensi zikawa ndefu kidogo, sawa, lakini msomaji hapotei.

Mhariri wa kampuni ya tafsiri iliyonipa kazi hakupenda. Akafuta maneno yote ya kutaja sheria, akasema yanajirudia, halafu kila penye Arbeitnehmer akaweka "worker", hoja yake eti Arbeit ni kazi kwa hiyo huyo ni mfanyakazi. Hakunipigia, hakuniuliza hata swali moja. Kisha wakakata malipo yangu kwa maelezo kwamba kazi ilihitaji marekebisho makubwa. Nilijibu kwa heshima, nikaeleza kifungu kwa kifungu, wakanijibu kwa mstari mmoja kwamba uamuzi umeshafanyika.

Nieleze kwa nini "worker" pale ni hatari. Uingereza hilo neno lina mwenyewe. Liko kwenye Employment Rights Act ya 1996, kifungu cha 230, na ni kundi la tatu, mtu ambaye hajawa mwajiriwa kamili lakini anapata baadhi ya haki kama kima cha chini cha mshahara na likizo ya malipo. Ndiyo kesi ya madereva wa Uber, Februari 2021 Mahakama ya Juu ya Uingereza iliamua kwamba wao ni workers. Lakini hilo ni la sheria ya kazi! Kwenye kodi Uingereza haina kundi la tatu, ama umeajiriwa ama umejiajiri, basi. Kwa hiyo mwanasheria wa London akikuta "worker" kwenye barua ya kodi anawaza kitu ambacho mwandishi wa Kijerumani hakukisema kabisa, na kibaya zaidi, baada ya maneno yangu kufutwa, sentensi ya kwanza ikawa inasema jamaa si worker na ya pili inasema ni worker. Wanasheria wakaandika Hamburg kuuliza mnamaanisha nini. Mshauri wa kodi akaomba aone tafsiri ya mwanzo kabla ya kuhaririwa, akaisoma, akairudisha kama nilivyoiandika. Ndiyo ofisi hiyo hiyo iliyoniandikia wiki iliyopita.

Hela iliyokatwa sijarudishiwa mpaka leo na samahani sijaisikia. Nimeamua kusonga mbele lakini siwezi kusema nimesahau, kwa sababu mtu anapofuta kazi yako bila kukuuliza anakuwa ameshaamua wewe ni nani kabla hajasoma ulichoandika, na wengi wetu tunaofanya kazi za lugha huku Ulaya tunalijua hilo vizuri.

Sasa ushauri wenyewe. Usitafute neno, tafuta sheria. Kila ukikutana na neno la hadhi ya mtu, jiulize hapa inaongea sheria ya kazi, ya kodi au ya bima ya jamii, ukishapata jibu liandike ndani ya tafsiri, usimwachie msomaji abuni.

Chukua Freiberufler. Kamusi nyingi na mashine za kutafsiri zitakupa "freelancer" na wewe utafurahi maana linasikika tamu. Lakini freelancer kwa Kiingereza ni yeyote anayefanya kazi zake bila mwajiri mmoja, wakati Freiberufler ni hadhi ya kodi iliyoko kifungu cha 18 cha EStG, na kifungu kinataja kazi kwa majina, madaktari, mawakili, mainjinia, waandishi wa habari, wakalimani, watafsiri. Mimi nimo. Dada yangu mmoja hapa ana saluni ya kusuka, anaamka mapema kuliko mimi na wateja wake wanajaa mpaka Jumamosi jioni, lakini yeye yuko kifungu cha 15, ni Gewerbe, yaani biashara, na Gewerbe inalipa Gewerbesteuer, kodi ya biashara, wakati mimi silipi. Tufanye faida yake ya mwaka ni euro 40,000. Unatoa 24,500 zisizotozwa, inabaki 15,500, unachukua asilimia 3.5 unapata 542.50, halafu unazidisha kwa kiwango cha mji, Hamburg ni asilimia 470, inakuja euro 2,549.75. Sehemu kubwa anapunguziwa kwenye kodi ya mapato, hadi mara nne ya ile 542.50, yaani 2,170, lakini tofauti inabaki na makaratasi yanabaki. Sasa ukitupa wote wawili jina moja la "freelancer" au "self-employed" umeufuta mstari ambao barua nzima iliandikwa kuueleza. Mimi hapo naliacha neno la Kijerumani lenyewe, naeleza mara moja kwamba ni mtu wa taaluma huru kwa kifungu cha 18, na kuanzia hapo naendelea na Freiberufler mpaka mwisho. Hakuna dhambi kuliacha neno la watu likae.

Au chukua nyie wanafunzi mliopo huku. Werkstudent, yaani mwanafunzi anayefanya kazi huku anasoma, wengi wanadhani ni hadhi moja kwa kila kitu. Kile kikomo cha saa 20 za kazi kwa wiki wakati wa masomo ni habari ya bima ya jamii, kwenye kodi we ni mwajiriwa wa kawaida, una daraja la kodi na unakatwa ukipita kiwango. Minijob, ile ajira ya kipato kidogo, nayo sio "part-time job", kuna watu wana part-time ya euro 1,500. Minijob ina kikomo, 2025 kilikuwa euro 556 kwa mwezi, na mwajiri anaweza kuilipia kodi ya jumla ya asilimia 2. Na Beamter, mtumishi wa serikali aliyeteuliwa bila mkataba wa kazi, kama walimu wengi wa shule za serikali, kwa kodi ni Arbeitnehmer, kwa sheria ya kazi siye. Unaona inavyojirudia? Tafuta sheria, wadogo zangu, tafuta sheria.

Halafu msikubali kuharakishwa. Mteja akikuambia ni kurasa tatu tu niletee jioni, mwambie kurasa tatu za hadhi ya ajira zina kazi kuliko thelathini za matangazo. Weka kumbukumbu ya kila chaguo lako na kifungu chake, tuma pamoja na tafsiri, na tunza nakala ya kile ulichokikabidhi kabla mtu mwingine hajakigusa. Mimi nakala hiyo ndiyo iliyonisimamia. Watu wanapenda kutuambia tuwe wanyenyekevu, nyenyekea kwa anayekufundisha, lakini ukiwa na kifungu mkononi simama nacho.

Mnaniuliza pia kama lazima usomee sheria. Mimi sikusomea. Nilichofanya ni kusoma sheria zenyewe, ziko bure kwenye gesetze-im-internet.de, anzeni na EStG vifungu vya 15, 18 na 19, kisha kifungu cha 1 cha LStDV, kanuni za kodi ya mshahara, kinachoeleza Arbeitnehmer ni nani kwa ajili ya kodi, kisha 611a cha BGB, sheria kuu ya madai, kilichoanza 2017 kinachoeleza mkataba wa kazi, kisha cha 7 cha SGB IV, kitabu cha nne cha sheria ya bima ya jamii. Viwekeni kimoja pembeni ya kingine na mtaona wenyewe vinavyopishana. BGB ina tafsiri ya Kiingereza humo humo, sio rasmi lakini inasaidia. Na kabla ya yote muulize mteja Kiingereza hicho kinakwenda kusomwa London au New York, maana "independent contractor" wa Marekani ana fomu yake na sheria zake, na mtu wa London ukimwandikia hivyo itabidi akupigie simu.